Mwanagenzi

Nafurahi kuliona neno mwanagenzi likishika nafasi tena. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, wana mafunzo ya uanagenzi, ambayo humpeleka kijana darasani na kazini kwa zamu. Nalipenda neno hili kwa sababu halimpimi mtu kwa cheti. Linamtambua akiwa bado anaanza. Mwanagenzi wa ushonaji hakabidhiwi mkasi siku ya kwanza. Anaanza na vifungo na pindo: anashona, fundi anakagua mstari, anafumua, anashona tena. Kola ya shati ndiyo inayomtoa jasho, maana ncha zake mbili lazima zilingane sawasawa. Wengi hukatia tamaa hapo. Anayeirudia kila siku hatimaye hupewa kitambaa cha mteja akikate mwenyewe, kazi ambayo fundi hamwachii mtu asiyemwamini.