UKIUMIA KICHWA, KWA NINI WANAKUPIMA SUKARI?

Haya wadau, hili swali naulizwa sana. Mtu kaanguka na pikipiki, kaumia kichwa, mara nesi anakuja kumtoboa kidole. Sukari inasoma 14, ndugu wanashtuka: kumbe alikuwa na kisukari!

Si lazima jamani. Mwili ukipata kishindo unamwaga adrenalini na kotisoli, ini linaachia sukari kwenye damu. Inapanda hata kwa mtu mzima kabisa. Kujua kama alikuwa nayo toka zamani kuna kipimo cha HbA1c, kinaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, ila akishaongezewa damu majibu yanaweza kupotosha.

Sasa sukari inahusianaje na ubongo? Watafiti wanatafuta viashiria, yaani vitu vya siku ya kwanza vinavyosaidia kukisia mgonjwa atakuwaje baada ya miezi 6. Mwaka 2008 zilitoka kanuni mbili maarufu, CRASH na IMPACT. Ya CRASH ilitokana na wagonjwa 10,008, na ile ya msingi haihitaji hata mashine: umri, mboni za macho kama zinajibana ukimulika tochi, majeraha mengine makubwa mwilini, na kipimo cha Glasgow. Hicho cha Glasgow kipo tangu 1974. Wanaangalia macho, maneno na mikono na miguu inavyojongea, alama 3 mpaka 15. Kuanzia 8 kushuka hali ni mbaya. IMPACT wao wana toleo la maabara lililoongeza himoglobini na sukari. Sukari ikiwa juu, matokeo huwa mabaya zaidi.

Hapo ndo wengi wanateleza. Si tuishushe basi? Mwaka 2009 utafiti wa NICE-SUGAR ulitoa majibu ya wagonjwa mahututi 6,104 (wa kila aina, siyo wa kichwa tu). Kundi moja sukari ilibanwa iwe 4.5 mpaka 6, lingine ikaachwa isizidi 10. Baada ya siku 90, waliobanwa walikuwa wamekufa asilimia 27.5, wenzao 24.9. Umeona? Na sukari kuanguka vibaya iliwapata asilimia 6.8 ya waliobanwa, dhidi ya 0.5. Ubongo unakula sukari, ukiunyima unaumia tena. Ukipepea moshi hujazima moto.

Lakini msidhani kila kiashiria kiko hivyo. Kwenye kisukari chenyewe, Finland walitengeneza fomu ya FINDRISC: umri, kiuno, mazoezi, mboga, presha, ndugu wenye kisukari na kadhalika, hutobolewi hata kidole. Uzito ni kiashiria, na ukiugusa mambo yanabadilika kweli. Mwaka 2001 hukohuko Finland, kwa watu 522 wanene ambao sukari yao ilishaanza kuyumba, waliosaidiwa kubadili chakula na kufanya mazoezi hatari ya kupata kisukari ilipungua asilimia 58.

Ukiwa na mgonjwa wodini, muulize daktari: "Sukari yake mnaiweka kati ya ngapi na ngapi?" Na usimchomekee insulini ya bibi kimyakimya. Akikwambia uwezekano wa kupona ni asilimia 30, maana yake katika wagonjwa 100 wa aina hiyo 30 wanapona. Wako ni yupi kati yao, kanuni haijui.