Silsila ya Sringeri: Tarehe ya Matha Moja ya Wahindu na Hati Zake

Kusini ya Bara Hindi, katika milima iliyo karibu na pwani ya magharibi, uko mji mdogo uitwao Sringeri, ukingoni mwa mto Tunga, katika jimbo la Karnataka. Hapo ipo matha, yaani nyumba ya watawa wa Kihindu, ambayo wakuu wake wamehesabiwa mmoja baada ya mmoja hata kufikia thelathini na sita. Wahindi wa pwani yetu wengi asili yao ni Kutch na Gujarat, na madhehebu yao ni mengine. Kwa hiyo jina la Sringeri halisikiki sana kwetu. Walakini tarehe yake yafaa kutazamwa na kila mtu ashughulikaye na habari za kale, kwa sababu ndani yake huonekana namna orodha ya viongozi inavyorefushwa, na tena namna hati iliyosahauliwa inavyoweza kusema jambo ambalo orodha haikulisema.

Kisanskriti huiita orodha hiyo guruparampara. Neno la Kiswahili lililo karibu nalo ni silsila, kama litumiwavyo na watu wa tarika, wala sioni haja ya kuunda jingine. Katika silsila mtu harithi kwa damu bali kwa kufundishwa, na kila khalifa hupata heshima yake kwa yule aliyemtangulia. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, kiungo cha mwisho nacho huingiwa na shaka. Ndiyo maana watunzaji wa silsila huchukia pengo kuliko wanavyochukia miaka iliyozidi kiasi.

Mapokeo yasema kwamba matha iliasisiwa na Shankara, mwanachuoni mzaliwa wa Kaladi katika Kerala, aliyefundisha Advaita, yaani kwamba nafsi na Ukweli wa mwisho si vitu viwili. Alipofika ukingoni mwa Tunga alimwona swila amekunjua shingo yake kumkinga chura mwenye uchungu wa kuzaa asichomwe na jua. Akasema kuwa mahali ambapo maadui hao hustahamiliana ndipo panapofaa watawa. Akamweka hapo Sharada, mungu wa kike wa elimu, na mwanafunzi wake Sureshvara akawa mkuu baada yake. Mapokeo humhesabia Shankara nyumba nne: Sringeri kusini, Dvaraka magharibi, Puri mashariki, na Jyotirmath kaskazini.

Sasa tuitazame hesabu. Tarehe ya kale ya matha yenyewe ilimweka Shankara katika zama za mfalme Vikramaditya, na watunzaji wakalifasiri jina hilo hata wakapata mwaka 44 kabla ya Kristo kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Lakini mwisho wa Sureshvara uliandikwa kuwa katika karne ya 8 baada ya Kristo. Hapakuwa na jina la kutia katikati. Basi Sureshvara akapewa uongozi wa miaka zaidi ya 700. Wataalamu wengine walikumbusha kuwa Vikramaditya ni jina la wafalme wengi, wakiwamo Wachalukya wa Badami, na kosa likawa limepatiwa maelezo. Kwa muda mrefu Shankara aliwekwa kati ya miaka 788 na 820. Leo wengi humsogeza nyuma kidogo, nusu ya kwanza ya karne ya 8.

Hata hivyo kasoro haikuisha. Tuichukue tarehe ya karibu zaidi, mwaka 820, tusije tukalaumiwa kwa kuipotoa orodha. Kutoka kwa Sureshvara, mkuu wa pili, hata Bharati Tirtha, wa kumi na moja, aliyefariki mwaka 1380, wamo watu kumi kwa miaka 560, yaani miaka 56 kwa kila mmoja. Kutoka kwa Vidyaranya, wa kumi na mbili, hata mkuu wa thelathini na tano, aliyefariki mwaka 1989, wamo watu 24 kwa miaka 609, yaani kama miaka 25 kwa kila mmoja. Mtu aweza kujibu kwamba watawa huchaguliwa vijana na huishi maisha ya kiasi. Na kweli Nrisimha Bharati aliongoza tangu 1817 hata 1879. Lakini mmoja kuongoza miaka 62 ni jambo moja, na kumi wakifuatana kwa wastani wa miaka 56 ni jambo jingine.

Mawe nayo yana neno lao. Katikati ya mji wa Sringeri lipo hekalu la Wajaini la karne ya 12, na yaelekea mahali hapo palikuwa na heshima kwa watu wa dini nyingine kabla matha haijapata nguvu. Maandishi yanayoionyesha matha ikipokea fadhili za wafalme huanza mwaka 1346, Harihara na ndugu zake, waasisi wa dola ya Vijayanagara, walipofika Sringeri kushangilia ushindi wao na kumpa Bharati Tirtha na wanafunzi wake ardhi. Kutokana na ushahidi wa namna hii Paul Hacker, na baada yake Hermann Kulke, walitoa rai kwamba matha kama tuijuavyo ni kazi ya karne ya 14, na kwamba ni zama za Vidyaranya zilizomfanya Shankara kuwa baba wa nyumba zile. Dola mpya ilihitaji baraka ya kale, na watawa walihitaji mlinzi. Mimi naikubali rai hii kwa sehemu. Naamini kuwa utajiri na cheo vilianza na Vijayanagara. Lakini kwamba hapakuwako walimu wa Advaita msituni pale kabla ya hapo, hilo mawe hayakulisema. Mtawa asiye na ardhi haandikiwi jiwe.

Sisi tunaosoma tarehe za pwani tumeyaona mambo haya kwetu. Neville Chittick, kwa sarafu na kwa kuchimba, aliwasogeza masultani wa kwanza wa Kilwa kutoka karne ya 10 hata mwisho wa karne ya 12. Akaikata vivyo hivyo na tarehe ya Pate, akisema mji haukuwa wa kale namna ile. Baadaye wachimbaji wengine wakafika tabaka za chini zaidi katika Pate, wakakuta vitu vya karne ya 8 na ya 9. Majina ya wafalme hayakuthibitika kwa hayo, ila ukale wa mji ulithibitika. Basi mwenye kuipunguza silsila ya Sringeri na aache nafasi kwa jembe.

Nageukia sasa ile hati. Mwaka 1791 Tipu Sultani wa Mysore, mfalme Mwislamu, alikuwa akipigana na Waingereza, Nizamu wa Hyderabad na Wamaratha kwa pamoja. Mwezi wa Machi alikuwa amekwisha kupoteza Bangalore. Wapanda farasi waliofuatana na jeshi la Wamaratha la Parashuram Bhau waliingia Sringeri, wakaua Wabrahmani, wakapora mali yote, wakaing'oa sanamu ya Sharada mahali pake. Wamaratha walikuwa Wahindu. Mkuu wa matha, Sacchidananda Bharati, alikimbilia Karkala, na kutoka huko akamwandikia Tipu.

Majibu ya Tipu yalikaa katika matha hata mwaka 1916, R. Narasimhachar, mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Mysore, alipoyakuta. Ni barua zaidi ya ishirini, na zimeandikwa kwa Kikannada, ingawa Kiajemi kilikuwa lugha ya fahari ya serikali ile. Tipu amwita mtawa jagadguru, mwalimu wa ulimwengu. Asema kwamba waliopakosea heshima mahali patakatifu kama hapo watalipwa upesi, na atia ubeti wa Kisanskriti kulitilia nguvu neno lake. Amwamuru liwali wake wa Bednur atoe rahati 200 taslimu na vitu vingine ili sanamu irudishwe; kisha apeleka mavazi ya mungu wa kike na shali za mtawa. Naye aomba ifanywe ibada ili maadui zake waangamie.

Wako waliozitumia barua hizi kumfanya Tipu mpenda dini zote, na wako waliozikataa kwa kutaja Wakristo wa Mangalore aliowachukua mateka mwaka 1784. Pande zote mbili zasoma moyo wa mtu. Mimi nasoma barua. Barua zaonyesha mtawala aliyebanwa na vita, aitumiaye lugha ya raia wake na adabu waijuayo, kwa nyumba ambayo baba yake Haidar Ali pia aliiheshimu. Haja yake ya dua sioni sababu ya kuiita ya uongo. Harihara mwaka 1346 na Tipu mwaka 1791 walikuja kwenye mlango ule ule kwa haja moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikuja na ushindi.

Karne iliyofuata naipita upesi. Mkuu aliyeongoza tangu 1879 hata 1912, Sacchidananda Shivabhinava Nrisimha Bharati, aliijenga Kaladi kuwa mahali pa ziara, na mahekalu yake yakafunguliwa mwaka 1910. Mwaka huo huo vitabu vya Shankara vikapigwa chapa kwa juzuu 20 huko Srirangam. Hivyo mwanzo wa silsila ulipata jengo la mawe, karne nyingi baada ya viungo vyake vingine. Chandrasekhara Bharati, aliyemfuata, alikuwa mtu wa kimya na upweke, akafariki katika mto Tunga mwaka 1954. Tarehe 23 Januari 2015 Bharati Tirtha, wa thelathini na sita, alimtawadha Vidhushekhara Bharati kuwa khalifa wake, na katika kumtaja walianza kuhesabu kwa Shankara, kisha Sureshvara.