Waliandika Kwamba Mama Zetu Hawapati Depresheni

Binamu yangu anaishi Kawangware. Mwaka jana, akiwa na mimba ya miezi minne, aliacha dawa za depresheni bila kumwambia daktari. Jirani alikuwa amemwambia zitaharibu ubongo wa mtoto. Kufikia mwezi wa sita alikuwa hali, halali, na kliniki ameacha kwenda. Nyumbani tukasema ni mimba tu, atazoea. Hata mimi nilisema hivyo.

Baadaye nikajiuliza: mbona tuliogopa dawa kuliko ugonjwa? Mbona ugonjwa wenyewe hatukuuona? Wasee, sehemu ya jibu iko hapa hapa Nairobi, na ina majina na miaka.

Hospitali ya Mathari ilianza 1910, mahali pa kuwafungia watu ambao serikali ya kikoloni iliwaita wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari mzungu, J.C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hakuwa amesomea magonjwa ya akili kama taaluma yake. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Nilikisoma kwenye simu nikitoka tauni kurudi Kangemi, matatu imekwama Waiyaki Way, na nikashikwa na hasira. Anasema depresheni ni nadra sana kwetu. Anasema Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, ati ni kama mzungu aliyepasuliwa na kukatwa sehemu hiyo.

Sasa angalia vile alivyohesabu. Alihesabu waliofikishwa Mathari. Na enzi hizo nani alifikishwa? Ni yule aliyezua fujo sokoni au kumtisha mwajiri. Mama aliyejifungua Dagoretti, akakaa gizani akilia bila sauti, hakumsumbua afisa yeyote. Hakupelekwa, hakuhesabiwa, basi ikaandikwa kwamba hayupo.

Mwaka wa 1954 daktari huyo huyo aliiandikia serikali ripoti kuhusu Mau Mau, na akaunga mkono watu kukusanywa vijijini. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliingizwa humo, ndani ya mahandaki na ulinzi, kwa njaa na kazi za kulazimishwa. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Shosho yangu alizaliwa katika kijiji kimojawapo. Uholanzi, watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945 wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo mingi, na hatari ya magonjwa ya akili ikaonekana kuwa juu zaidi kwao. Kina shosho hawakufuatiliwa hivyo. Nani angewapima mama ambao kitabu kilisema hawahuzuniki?

Jibu lilitoka kwa jirani. Miaka ya 1970, daktari Mwingereza John Cox alienda Kasangati, karibu na Kampala, akawauliza wajawazito na waliojifungua wanavyojisikia. Depresheni ilikuwepo. Tena Waganda walikuwa na jina lao la kale la ugonjwa wa akili wa mzazi: amakiro. Cox alipohamia Scotland, yeye na wenzake wakatunga maswali kumi ya kumpima mama, yaliyochapishwa 1987. Leo maswali hayo yanatumika duniani kote, Kenya ikiwemo. Kumbe yana mizizi hapa Afrika Mashariki.

Na ubongo wa mtoto je? Msongo mkali wa muda mrefu hupandisha kortisoli mwilini mwa mama. Kondo la nyuma huzuia sehemu kubwa ya homoni hiyo, lakini si yote. Watoto wa mama walioteseka hivyo bila msaada huonyesha zaidi shida za hisia na umakini. Kuhusu dawa, tafiti kubwa za Sweden na Canada za mwaka 2017 zililinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja akiwa tumboni mama anameza dawa, mwingine hapana. Tofauti ya usonji iliyohofiwa haikuonekana tena. Maana yake mengi tuliyoibebesha dawa yanatokana na ugonjwa wenyewe na familia.

Si ati kila dawa ni salama. Valproate, inayotumiwa kwa kifafa na baadhi ya magonjwa ya akili, kweli hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Na dawa za depresheni zenyewe huwafanya watoto wengine kutetemeka au kulialia siku chache baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana uamuzi ni wa mama na daktari. Jirani hawezi kuufanya, na mimi pia siwezi.

Binamu alirudi kwa daktari, tukimsindikiza. Mtoto sasa anatambaa. Siwezi kukuambia dawa ndiyo iliyomwokoa, lakini najua mama yake anakula, analala, na anamwimbia.

Carothers alikosea kwa sababu hakuwauliza walio kimya. Sisi nyumbani tulifanya kosa lile lile, na hatukuwa hata na kisingizio cha ukoloni. Leo ukimwona mama mjamzito mtaani kwako, usimuulize tu mtoto anacheza aje. Muulize yeye anajisikia aje, halafu ukae usikilize.