Chaja au busta? Jibu liko mwaka 1912

Wiki hii tesiti zimetubana mpaka basi. Ila kuna swali la jamaa yangu hapa bwenini limenikaa kichwani. Wikiendi anaendesha taksi ya mjomba wake, ndiyo inamsogeza bumu likikata. Gari linalala kuanzia Jumatatu, Jumamosi asubuhi halina hata kikohozi. Mwenye duka anamwambia achukue busta, lile la kubeba mkononi. Fundi anasema nunua chaja. Hela anayo ya kimoja tu. Mimi ni mtu wa historia, siyo wa uhandisi, lakini hili swali ni la kihistoria kabisa.

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1859 Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, akaweka kitambaa katikati, akayaviringisha na kuyatumbukiza kwenye asidi ya salfa. Ikawa betri ya kwanza inayoisha halafu unaijaza tena. Unajua aliijazaje? Majenereta ya maana hayakuwepo, ikabidi atumie betri nyingine za kutumika mara moja. Yaani chaja ya kwanza ilikuwa betri! Mwaka 1881 Camille Faure akapaka mabamba yale uji wa risasi ili yabebe umeme mwingi zaidi, na betri iliyo chini ya boneti leo ni mjukuu wa hiyo.

Magari ya mwanzo ya petroli hayakuihitaji ili kuwaka. Ulisimama mbele ya gari ukazungusha hendeli kwa mkono, na injini ikirusha nyuma inakuvunja mkono. Kuna kisa kinachorudiwa sana cha Byron Carter, mtengeneza magari wa Marekani, kwamba hendeli ilimpiga akimsaidia mwanamke barabarani, akafa, na bosi wa Cadillac, Henry Leland, akaapa kuitokomeza. Carter alifariki kweli mwaka 1908. Mengine mimi nayachukua kwa tahadhari, yamenyooka mno kama filamu.

Aliyeiondoa hendeli ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mota ya umeme ya mashine za kuhesabia fedha madukani. Wengi waliamini mota ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa mno. Yeye alishajua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mzito kupita kiasi, mradi iwe kwa sekunde chache tu. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata yake. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia: injini ikishawaka, mota ileile iligeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Alijua kuwasha ni kazi ya sekunde, kujaza ni kazi ya masaa, na moja haifuti nyingine.

Sasa, gari lisipotembea nani atarudisha huo umeme? Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi, betri inataka unaokwenda upande mmoja. Mwaka 1902 Peter Cooper Hewitt alitengeneza chombo cha kioo chenye zebaki cha kuunyoosha, na wenye magari ya umeme Marekani wakakiweka gereji. Chaja za leo zinafanya kazi ileile kwa vipande vidogo vya silikoni.

Busta ni mtoto wa juzi. Zile za zamani zilikuwa boksi zito lenye betri ya risasi ndani. Wepesi umeletwa na lithiamu, ile kazi ya akina Akira Yoshino iliyoingia sokoni mwaka 1991 na kupewa Nobel mwaka 2019. Inatoa umeme mkali kwa sekunde chache, basi. Betri yako inabaki na njaa yake. Namba kubwa ya ampea kwenye boksi ni ya kufumba na kufumbua, isikutishe.

Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ikishuka kwenye 12 imekaribia kuisha, na ikiachwa hivyo wiki nzima salfa inaganda kwenye mabamba kuwa mawe. Ndiyo maana zile betri za magari zilizoendesha TV vijijini, zikibebwa na baiskeli hadi senta kuchajiwa, zilikufa mapema: ziliundwa kwa ajili ya stata, siyo kunyonywa hadi tone la mwisho.

Kwa hiyo jamaa anunue chaja, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Kwa betri ya ampea-saa 45, chaja ya ampea 4 au 5 inatosha, ailaze usiku wa Ijumaa. Busta ni ya dereva wa safari ndefu, naye asiiache garini juani na aichaji kila baada ya miezi mitatu hata kama hajaigusa.

Ila betri ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Achajie nje penye hewa, siyo chini ya kitanda bwenini kama nilivyosikia anapanga.