Safu ya Lugha: Mlezi, Mnasihi na Kungwi

Makanisa ya Meru na Embu nchini Kenya yanapowaandalia mafunzo ya Desemba wavulana wanaotahiriwa, mtu mzima anayekabidhiwa kijana huitwa mara mshauri, mara mnasihi, ingawa kazi yake inalo jina la Kiswahili lililo wazi zaidi: mlezi. Mnasihi, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya wosia utolewao kwa moyo safi, ni mtoa nasaha: husikiliza, husema, na huenda mhusika asimwone tena. Mlezi, kutokana na kitenzi "lea" chenye asili ya Kibantu, huandamana na anayelelewa hadi akomae, akibeba hata lawama zake, na ndivyo Ukristo unavyolielewa jukumu hili, kwa kuwa Paulo alimwita Timotheo mwanawe. Kungwi, yaani mfunzi wa jandoni au unyagoni, angefaa kwa maana, lakini Wakristo wengi hulikwepa neno hilo kwa kuhofia mila zinazoambatana nalo. Hofu hiyo haina uzito mkubwa katika eneo ambalo Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, iliyoanza Tharaka mwaka 1996 kwa ajili ya wasichana, imekwisha kuonyesha kwamba mafunzo yanaweza kubaki na kisu kikaondolewa. Mlezi wa chama, anayealikwa ili achange fedha na kuhutubia, ni matumizi mengine.