Kubadili muundo wa hifadhidata bila kupoteza kumbukumbu

MTENGENEZAJI wa programu za kompyuta huwa na hifadhidata mbili. Moja ni ya majaribio, yenye wateja kumi wa kubuni. Nyingine ndiyo ya kazi, ambamo watu halisi hulipa ankara zao usiku na mchana. Hasara nyingi hutokea pale badiliko lililofaa katika ile ya kwanza linapopelekwa katika ya pili.

Programu yenyewe haina taabu kubwa, kwani toleo jipya likishindwa, la zamani hurudishwa. Hifadhidata haiko hivyo. Ndani yake mna malipo yaliyoingia asubuhi hii na ambayo hayamo popote pengine. Kuifunika kwa nakala ya majaribio ni kuyafuta. Kwa hiyo kinachopaswa kusafiri ni maagizo ya badiliko.

Maagizo hayo, kwa kawaida ya lugha ya SQL, huandikwa katika mafaili yenye namba za mfuatano na kutunzwa pamoja na msimbo wa programu. Jedwali dogo ndani ya hifadhidata huonyesha yapi yamekwisha kutekelezwa: iliyofikia faili la 41 itaendelea na la 42. Programu kama Flyway na Liquibase hufanya kazi hiyo. Faili lililokwisha kutumika halihaririwi. Kosa husahihishwa kwa faili jipya. Fundi anayebadili jedwali kwa mkono ndani ya seva, hata kama ni usiku wa dharura, huuvunja mfuatano huo, na atakayeumia huwa ni mwenzake wa zamu inayofuata.

Tuchukue mfano wa jedwali la wateja ambamo namba za simu zilihifadhiwa kama tarakimu za hesabu. Kompyuta huidondosha sifuri ya mwanzo, na 0754 ikawa 754. Dawa ni kuzihifadhi kama maandishi, lakini safu ya zamani isifutwe siku hiyo hiyo. Kwanza huongezwa safu mpya. Kisha programu huandika katika safu zote mbili, huku namba za zamani zikinakiliwa kwa mafungu madogo ili wateja wasisimamishwe. Baada ya hapo programu husoma safu mpya, na ile ya zamani huondolewa wiki kadhaa baadaye, ikithibitika kuwa haina anayeitumia. Kurudisha sifuri nako kuna mtego: mteja mwenye namba ya nchi ya nje hakuwa na sifuri ya kurudishiwa, na miongoni mwa wale kumi wa majaribio hakuwamo hata mmoja wa namna hiyo.

Aina ya hifadhidata nayo ina uzito wake. Katika PostgreSQL, mabadiliko mengi ya muundo huweza kufungwa katika muamala mmoja, likitokea kosa yakafutika yote. MySQL huthibitisha kila agizo la aina hiyo papo hapo. Faili la maagizo matano likikwama katika la tatu, mawili ya kwanza yamekwisha kukaa.

Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu, akidhani yumo katika seva ya akiba. Nakala rudufu za kila siku hazikuwapo: chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha PostgreSQL 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kampuni iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa ajili ya majaribio. Yaliyoingia baada ya hapo yalipotea.

Kabla ya badiliko, basi, nakala rudufu ifunguliwe katika kompyuta nyingine, majina na namba za wateja zikiwa zimefichwa, na mafaili yote yatekelezwe humo huku muda ukipimwa. Kazi iliyochukua sekunde moja kwa wateja kumi huenda ikachukua saa nzima kwa milioni mbili, jedwali likiwa limefungwa na foleni ya walipaji ikisubiri.