Pombe, aibu na baraza: vikundi vya mazungumzo vilitoka wapi?



Mu mkutano mkuu uliopita, maswali mawili yalibaki bila jibu. La kwanza lilitoka kwa memba: juu ya nini mfuko wetu wa kusaidiana umusaidie mutu ambaye kotizasio yake anaipeleka mu nganda? La pili lilitoka kwa wafadhili: kama muko na kikundi cha mazungumzo cha watu wanaotaka kuacha pombe na bangi, mbona hamtutumii majina na picha zao? Komite ikaomba tuandike kidogo juu ya historia ya vikundi vya namna hii, ili tusiamue kwa hasira. Tulipotafuta, tuliona kwamba maswali yote mawili ni ya zamani. Watu wengine walishayajibu mbele yetu, na wengine walilipa bei kubwa juu ya kujibu vibaya.

Tuanze kwetu. Wazee wetu walijua pombe. Kasiksi ya ndizi ilikuwa ya harusi, ya mahari, ya kupatanisha waliogombana. Ilinywewa mu baraza, mbele ya macho ya watu, na mzee aliweza kumwambia kijana: sasa inatosha, wende ulale. Mamlaka za Ulaya zilipofika, zilishughulika na vileo vikali kwa njia ya sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka makatazo na ushuru juu ya vileo hivyo mu sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo, na Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaongeza makali. Bia yenyewe ilipata njia: kiwanda kilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus ikatoka mwaka 1926. Sheria zile zilihesabu chupa na mapipa. Hakuna mahali zilipouliza mutu anakunywa juu ya nini.

Sisi tunajua majibu. Tulikimbia vita vya 1996 na vya 1998. Nyiragongo ilitufukuza Januari 2002, halafu tena Mei 2021. Wengine wetu walikaa miaka mingi Nakivale kule Uganda, ao Gihembe na Kiziba kule Rwanda. Wengine walikuwa hapa karibu, Bulengo na Lushagala, mpaka kambi zilipovunjwa Februari 2025. Mutu anarudi, anakuta shamba limechukuliwa, nyumba haiko, watoto hawamujui. Kanyanga iko bei ndogo, na vichupa vya plastiki vinaingia mu mfuko wa suruali. Anakunywa peke yake, nyuma ya nyumba. Pombe ilibaki, lakini baraza, mahali ambapo mutu angesimamishwa na wenzake, lilipotea njiani.

Sasa tuangalie ni wapi watu walijaribu kulirudisha baraza hilo kwa kusudi.

Mwaka 1840, mu mji wa Baltimore, Marekani, walevi sita waliokuwa wanakutana mu nyumba ya pombe waliamua kuacha pamoja. Walijiita Washingtonians. Kazi yao ilikuwa moja: kila mutu anasimama, anaeleza maisha yake, halafu anamuleta mwenzake. Mu miaka michache watu waliotia sahihi ahadi yao walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Lakini walipanda jukwaani haraka sana. Maumivu ya mutu yakawa maonyesho, na kikundi kikavutwa mu mabishano ya siasa na ya sheria za pombe. John Gough, aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu, alitia sahihi mwaka 1842 akawa msemaji mkubwa. Mwaka 1845 alipotea mu New York, akapatikana akiwa amelewa. Yeye alisema aliwekewa dawa mu kinywaji. Magazeti yalimushambulia bila huruma. Gough alisimama tena na akaendelea na kazi mpaka kifo chake, lakini wangapi wengeweza kusimama baada ya aibu kama ile? Kabla miaka kumi haijaisha, harakati ile ilikuwa karibu imekufa.

Mwaka 1877, Geneva, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Croix-Bleue, Msalaba wa Buluu. Mutu alitia sahihi ahadi ya kutokunywa kwa muda fulani, na wale waliomusindikiza waliacha pombe pia, hata kama wao hawakuwa walevi. Hapo kuna fundisho kwa familia zetu. Ni vigumu kumuambia ndugu aache, na wewe jioni unafungua chupa mbele yake.

Halafu Mei 1935, mu mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mufanyabiashara kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara yake ilivunjika, akabaki mu hoteli na hamu ikamushika. Alipiga simu kwa makanisa akitafuta mulevi mwingine wa kuzungumza naye. Alimupata daktari wa upasuaji, Bob Smith. Daktari alikubali dakika 15 tu, wakakaa masaa mengi. Bob alikuwa ameshauriwa na watu wengi, lakini huyu alikuwa anaongea juu ya mambo aliyoyapitia yeye mwenyewe. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Mu mwaka 1950 chama hicho kilikubali kanuni zake kumi na mbili. Tatu zinatugusa. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Kila kikundi kinajilipia gharama zake. Na jina la memba halipelekwi mu magazeti. Wanachama wa kwanza walikuwa wameomba pesa kwa tajiri Rockefeller. Alitoa dola 5,000 mwaka 1938, lakini aliogopa kwamba pesa nyingi zingeharibu kazi. Mwanzoni jibu hilo liliwauma. Baadaye wakaligeuza kuwa kanuni yao.

Kwa watu wa dawa za kulevya, kikundi cha namna hiyo kilianza California mwaka 1953. Kwenye pwani yetu ya Kiswahili, Omari Project ilianza Malindi mwaka 1995 kwa watu wa heroini. Unguja nako kukafunguliwa nyumba za kupona, ambamo waliokwisha kuacha wanakaa na wale wanaoanza.

Je, inasaidia kweli? Uchunguzi wa mwaka 2020 ulikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba kumuelekeza mutu kwenye vikundi vya Alcoholics Anonymous kulisaidia watu kubaki bila pombe sawa na tiba zingine, na mara nyingi kuliko tiba hizo. Tafiti nyingi zilifanyika kwenye nchi tajiri. Kwa watu wa vita kama sisi, mfano ulio karibu zaidi unatoka jirani.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, madaktari wa Uingereza waliwaweka askari walioumia moyo mu vikundi, wakaona kwamba maisha ya pamoja yenyewe yanatibu. Njia hiyo, iliyoitwa sosioterapi, ilifika Byumba, Rwanda, mwaka 2005, kupitia dayosisi ya Anglikana na mtaalamu Mholanzi Cora Dekker. Watu waliipa jina Mvura Nkuvure: niponye, nami nikuponye. Watu 10 mpaka 15 wanakaa masaa matatu kwa juma, majuma 15. Wanaoongoza ni wawili, majirani waliofundishwa. Kwanza wanajenga usalama, halafu kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana. Kumbukumbu za vita zinakuja nyuma kabisa. Baadaye njia hiyo ilirekebishwa kwa wakimbizi Wakongomani wa Gihembe na Nakivale. Haikutungwa kwa ajili ya pombe, lakini inagusa ile upweke na huzuni ambayo wengi wetu tunaikunywia.

Ukiweka mambo haya pamoja, jibu la maswali mawili linaonekana. Vikundi vilivyodumu vilifungua mlango kwa mutu ambaye angali ameanguka, na vilifunga mlango kwa macho ya nje. Ukimufukuza mulevi, unamurudisha kunywa peke yake nyuma ya nyumba. Ukimupiga picha, utabaki tu na wale wasio na kitu cha kuficha.

Kwa memba, tunapendekeza hivi. Mutu anayekuja mu duara asipoteze haki yake mu mfuko, hata akianguka tena. Lakini msaada wake utolewe kwa kitu: ada ya shule ilipwe shuleni, dawa ilipwe kwenye farmasi, na pesa ya mkononi isubiri. Hivyo watoto hawalali njaa, na mfuko wetu hauishii mu nganda.

Kwa wafadhili, tutawaambia hesabu: tulikaa mara ngapi, tulikuwa wangapi, wangapi waliendelea kuja. Majina na sura hatutazitoa. Keshero ni ndogo, na mutu akitambuliwa anaweza kukosa kazi, nyumba, hata ndoa. Mukitaka kusaidia, kuna mambo mawili: kufundisha waongozaji na usafiri wa kufika hospitali.

Juu ya hospitali, tunaomba sana. Duara halitoshi kwa kila mutu. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatishe ghafla bila muganga. Kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwepo na kifafa vinaweza kumuua. Hapa Goma tuko na kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha Mafurere wa Charité. Mutu aende kule kwanza, na mmoja wetu amusindikize. Akitoka, kiti chake kiko.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura mu mkutano ujao. Wanaokaa mu duara nao wako na kura kama sisi wote, na hakuna atakayeulizwa kama anakaa humo. Njooni.